Majivu Yaliyonyeshewa

"Huyu hakuuawa na jiko," alisema Daktari Qamar, mpasuaji wa maiti, akivua glavu na kuzitupa kwenye ndoo. "Nani aliwaambia ni jiko?"

"Kila mtu," alijibu Inspekta Syombua, kitambaa kikiwa puani.

"Basi kila mtu amekosea. Sogea uone."

Syombua alisogea shingo upande. Miaka yote ya upelelezi haikuwa imemzoesha harufu ya chumba kile, dawa juu na uozo chini, kama mtu aliyejipaka manukato bila kuoga. Mezani alilala Bedan Njogu, fundi wa vipimo wa Mradi wa Hewa na Bahari. Alikutwa amekufa jana asubuhi ndani ya stoo ya mradi alimolala kulinda vifaa, katika mtaa wa Jericho, jiko la makaa likiwa karibu na kichwa chake.

Daktari Qamar alimfunua mdomo yule marehemu.

"Aliyeuawa na moshi wa mkaa, damu yake hung'aa kwa wekundu. Ukimtazama ufizi utadhani alikuwa anakula mabuyu ya rangi, yale ya kwetu Mombasa. Huyu je?"

"Mweusi. Kama zambarau iliyoiva."

"Haya. Na kucha ni vivyo hivyo. Shingoni hana alama, tumboni ana githeri peke yake. Alikosa hewa, Inspekta. Nini kiliimaliza hiyo hewa, hiyo ni kazi yako, si yangu."

"Nipe maneno hayo kwa karatasi kabla ya alasiri."

"Mashine ya kupimia damu imeharibika. Kesho kutwa labda."

"Alasiri mke wake anapelekwa mahakamani Makadara, Daktari. Ana mtoto anayenyonya. Akishashtakiwa kwa kuua anaenda gereza la Lang'ata, na mtoto anaenda pamoja naye au anabaki kwa jirani."

Daktari Qamar alinawa mikono kwa muda mrefu kabla ya kujibu. "Jicho langu bila kipimo, hakimu atalitupa. Niletee kitu kingine cha kusimama nacho, dada yangu. Nami nitakuja kusimama nacho."

Nje, Konstebo Jama alikuwa akimngoja ndani ya Land Rover, vioo vimefungwa kwa baridi ya Julai.

"Afande, unanuka chumba cha maiti," alisema Jama.

"Na wewe unanuka miraa. Twende Jericho."

Njiani Syombua alikuwa akimfikiria Jecinta, yule mke, aliyeongea naye asubuhi katika seli ya kituo. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya.

"Nilisema, afande, sikatai," Jecinta alikuwa amemwambia. "Nilisimama mlangoni pale stoo nikapiga kelele, 'Utakufa na chupa zako!' Mtaa mzima ulisikia. Lakini jiko nililiacha nje, chini ya ukingo wa paa, ndiyo aote moto kabla ya kulala. Jiko haliingiagi humo. Bedan hangekubali niingize hata kiberiti."

"Mligombania nini?"

"Kazi. Alikuwa anataka kuacha kazi. Ati kuna mzungu anakuja kukagua, na yeye atamwambia zile chupa ni za uongo. Nikamwuliza, huo ukweli wako unapikwa na sufuria gani? Mtoto wetu Wangeci atakunywa ukweli?"

Kisha akajifunika uso kwa leso, na Syombua akatoka.

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia habari ya ukingo wa paa. Jiko ni la mwanamke, maneno ni ya mwanamke, maiti ni ya mumewe; alitaka nini tena? Na aliyempa habari hizo zote ni mtu mwenye shahada tatu, Daktari Mbuthia, mkuu wa mradi. Ndiye aliyeukuta mwili alfajiri.

Stoo ilikuwa chumba kimoja cha nyumba ya zamani ya baraza la jiji, mwisho wa safu, karibu na soko la Jericho. Juu ya paa palikuwa na mlingoti mweupe. Jumamosi watoto walikuwa wakikusanyika uwanjani kutazama puto kubwa likiachiliwa na kisanduku cha vipimo kikining'inia chini yake, lipande mpaka liwe tone, kisha lisionekane. Nyuma ya nyumba, katika vishamba vya sukuma wiki, kulikuwa na mikebe iliyofunikwa kifudifudi juu ya udongo.

Jana Daktari Mbuthia alikuwa amemweleza Syombua kazi hiyo yote, kwa sauti ya mtu anayemlisha mtoto uji. "Moshi wa viwanda, wa magari, wa majiko yenu, unapanda, Inspekta. Mwingine unamezwa na bahari. Mwingine unamezwa na miti na udongo. Unaobaki unakwenda juu kabisa, ndege zisikofika. Sisi tunapima nani amemeza kiasi gani."

Syombua alikuwa ameipenda habari hiyo. Nyumbani kwao, jioni, nyanya yake alikuwa akitega vitendawili vya namna hiyo: mla asiyeshiba, na mbebaji asiyeuliza uzito. Lakini yale "majiko yenu" yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jama alivunja lakiri ya polisi, wakaingia. Hewa ilikuwa nzito, yenye harufu ya godoro la jasho. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa utepe mpana pembe zote, na chini ya mlango kulikuwa na ulimi wa raba, ili moshi wa mtaa usiingie na kuharibu vipimo. Ukutani, rafu juu ya rafu, zilisimama chupa za kioo. Zenye vali mbili zilikuwa za hewa. Za mviringo zilikuwa za maji, zimebandikwa neno BAHARI.

Jiko lilikuwa palepale, kando ya mto wa godoro.

Syombua alichuchumaa. Alitazama bila kugusa, halafu akaomba tochi. Majivu hayakuwa laini kama majivu ya jiko lililozimika lenyewe. Yalikuwa yameshikana na kufanya ngozi ngumu, na ngozi hiyo ilikuwa na vishimo vingi vidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Aliingiza kidole. Chini ya ngozi kulikuwa na tope la kijivu, na vipande vya makaa vilivyozimwa kabla ya kwisha.

"Jama, ulishawahi kuacha jiko nje, mvua ikanyesha?"

"Mimi? Jikoni kwetu mwanamume haingii."

"Ndiyo maana hukuona kitu jana. Tazama. Hizi ni alama za matone yaliyodondoka kutoka ukingo wa paa. Usiku ule kulikuwa na manyunyu, si ndiyo?"

"Kuanzia usiku wa manane mpaka karibu alfajiri. Nilikuwa doria, nililowa mpaka chupi, samahani afande."

"Sasa inua macho. Paa linavuja?"

Jama aliinua tochi. Dari lilikuwa kavu, jeupe, halina hata doa la chai. "Halivuji."

"Basi jiko hili lilinyeshewa nje wakati Bedan yuko ndani amelala. Mtu alilichukua asubuhi, limezimwa na mvua, akaliweka karibu na maiti. Akadhani majivu ni majivu."

Alisimama akajifuta kidole kwa karatasi, akakifuta tena. Kilichomchafua hakikuwa tope lile. Kuna mtu alikuwa amesimama mahali hapa, juu ya mwenzake aliyekufa, akachagua kifo cha kumvika, kama anayechagua shati sokoni. Naye akachagua kile cha bei rahisi. Nani katika mitaa hii ya Eastlands huuliza maswali maiti ikikutwa na jiko?

"Tunaenda kwa mkubwa," alisema Jama. "Mama Wangeci anatoka leo."

"Mkubwa atasema ni Mama Wangeci mwenyewe aliyeliingiza asubuhi. Hatuna ushahidi wa kutosha bado. Tafuta kitu kilichomaliza hewa."

Walianza kutafuta. Nyuma ya mlango, likiwa limesukumwa mpaka ukutani, walikuta sanduku la mbao lenye kuta nene, urefu wake kama jeneza la mtoto. Lilikuwa tupu, na kavu. Jama alilivuta. Upande uliokuwa umeegemea ukuta, chini kabisa, ulikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa keekee, safi, ya ukubwa wa kidole gumba.

"Nani anatoboa sanduku matundu upande usioonekana?" aliuliza Syombua.

"Anayefuga sungura?"

"Kamtafute fundi wake. Mbao hizi zimepigwa randa na mtu anayejua kazi."

Fundi hakuwa mbali. Kisilu, mchonga vinyago, alikuwa na kibanda cha mabati upande wa pili wa uchochoro, na hapo alichonga twiga wa watalii na kupiga masanduku watu wakimwagiza. Jama alimleta akiwa amemshika ukosi. Mkono wa kulia wa Kisilu ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Afande, huyu alitaka kuruka ua!"

"Sikuruka. Nilikuwa naanika karatasi ya msasa," alisema Kisilu. "Wewe kijana niachilie, nimekuzidi umri."

"Fungua mkono," alisema Syombua.

Kisilu alisita, kisha akafungua. Kiganja kilikuwa na malengelenge marefu, moja likiwa limepasuka. Jama alimtazama Syombua kwa ushindi. Hata Syombua aliwaza: hapa kuna mtu aliyebeba kitu kilichochoma. Na Warigia, jirani anayemlea mtoto wa Jecinta, alikuwa amewaambia kwamba Kisilu na Bedan walikuwa wakizozana kila asubuhi.

"Mlikuwa mnagombana na marehemu."

"Sana! Nikiwasha vibanzi vyangu nichemshe chai, huyu hapa. 'Kisilu, zima, unaniharibia hewa.' Hewa! Kana kwamba ameizaa yeye. Nimekunywa chai baridi mwaka mzima, mama, kwa sababu ya huyo mtu."

"Kwa hivyo ulibeba jiko lake ukamwekea ndani."

"Jiko?" Kisilu alitazama kiganja chake, akatazama jiko, ndipo akaelewa. Uso ulimshuka. "Hapana. Hapana, mama yangu. Huu si moto, ni barafu."

Jama alicheka kwa sauti. Syombua hakucheka. Aliushika ule mkono akaupeleka kwenye mwanga. Mtu aliyeungua moto huwa na wekundu pembeni na weusi wa masizi. Hapa ngozi ilikuwa imepauka nyeupe kama nta, kavu, bila chembe ya masizi.

"Barafu gani inachoma?"

"Ya kina Daktari, ya kupozea chupa zikisafirishwa. Wanaileta kutoka kiwanda cha aiskrimu, imefungwa magunia. Inatoa moshi na haina maji. Jioni ile Daktari Mbuthia aliniita tusaidiane kuijaza sandukuni na kuingiza ndani. Yeye alivaa glavu. Mimi hakuniambia kitu."

"Ndani humu? Alikuingiza nayo humu?"

"Ndiyo, na Bedan akakataa. Akasema, 'Daktari, hii haiwezi kuingia humu na chupa.' Daktari akamwambia chupa zishafungwa, hakuna neno, nje itaibwa na watoto, alale nayo mpaka asubuhi. Bedan akanyamaza. Mkubwa akisema, utafanya nini?"

"Na haya matundu?"

"Aliniagiza siku ile ile nitoboe. Ati barafu ipumue. Nikamwambia, yakitobolewa chini itaisha haraka. Akaniambia nichonge twiga." Kisilu alimeza mate. "Mama, nimefanya makosa?"

"Umefanya kazi uliyoagizwa. Kaa kibandani kwako, usiende popote. Na huo mkono utauonesha hospitali baadaye."

Kisilu alipoondoka, Syombua aliketi juu ya sanduku.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," alijibu Jama, maana alishaizoea tabia hiyo ya mkubwa wake.

"Mgeni wangu aliingia kwa mlango, akalala sebuleni. Asubuhi hayupo. Mlango haukufunguliwa, na sakafu haikulowa."

Jama alikuna kichwa. "Moshi?"

"Karibu. Nipe mji."

"Nakupa Wajir."

"Wajir ni kwenu, utaniuzia mji wa shangazi zako? Nipe mwingine."

"Nakupa Mombasa na bandari yake."

"Haya, nimeila Mombasa. Ni barafu hiyo. Si maji yaliyoganda, Jama. Ni ile ile hewa ya kaboni wanayoipima, imegandishwa. Ikipata joto haiyeyuki, inageuka hewa tena. Nzito, inatambaa chini. Chumba kimezibwa kila pembe, mtu amelala sakafuni, na matundu yako chini. Hewa ile ilijaza chumba kizima kama maji yanavyojaza karai, na Bedan alikuwa chini ya karai."

Jama alilitazama godoro, akarudi nyuma hatua moja.

"Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi," aliendelea Syombua. "Watu hawa hawakubali hata chai ya Kisilu ichemke karibu na chupa. Jiko la Jecinta linakaa nje. Halafu mkuu wao mwenyewe anaingiza sanduku zima la hewa ile ile inayohesabiwa, analiweka katikati ya chupa zinazoihesabu. Mwenye duka la nafaka anaweza kufuga panya ghalani?"

"Labda kama ghala halina nafaka."

Syombua alimgeukia. "Rudia."

"Nimesema labda halina nafaka, afande. Nilikuwa natania."

"Endelea kutania hivyo hivyo, utapandishwa cheo."

Aliiendea rafu ya chupa zilizoandikwa BAHARI. Alichukua moja akaitikisa, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Chini yake kulikuwa na mchanga mweupe uliozunguka polepole na kutulia. Alifungua kizibo. Harufu iliyotoka ilimfanya ageuze uso: harufu ya mtaro wa nyuma ya soko, ya maganda ya ndizi na mikojo. Alichovya ncha ya kidole, akagusa ulimi, akatema mlangoni mara tatu. Ilikuwa chumvi ya mezani, imetiwa nyingi mpaka ikakataa kuyeyuka.

"Hii bahari inanuka Jericho," alisema.

Alichukua ya pili, na ya tatu. Katika ya nne, pale chini, ndani ya ile chumvi, kililala kitu cheusi chenye kichwa kikubwa na mkia. Kilikuwa kimesinyaa na kujikunja, lakini hakuna mtoto wa Kenya asiyekijua.

"Mtoto wa chura," alisema Jama. "Wallahi."

"Tangu lini chura akazaa baharini?"

Alikiangalia kile kiumbe kidogo kilichochotwa mtaroni, kikatiwa chumvi, kikapewa jina la bahari, na kikamtia kinyaa kuliko maiti ya asubuhi. Maiti haikuwa imedanganya mtu. Hizi ndizo chupa za uongo ambazo Bedan alitaka kumwambia mkaguzi. Watu wa nchi za mbali wangeketi mezani, wakahesabu pumzi ya dunia kwa mkojo wa mtaro wa soko. Na mtu aliyekataa alikuwa amelala kwa Daktari Qamar, ufizi mweusi.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Syombua alimtuma Jama apige simu, amwambie Daktari Mbuthia kwamba anaweza kuja kuchukua chupa alizotaka kusafiri nazo ng'ambo.

Alikuja upesi, kwa Peugeot ya mradi, suti ya kijivu, kitambaa chenye marashi mkononi. Aliruka dimbwi la mlangoni kama mbuzi.

"Nashukuru, Inspekta. Ndege yangu ni jioni. Nasikia huyo mama anafika kortini leo. Inasikitisha. Lakini tumewaambia mara ngapi watu hawa kuhusu majiko? Hawafundishiki."

"Hatufundishiki kweli," alisema Syombua. "Ingia, Daktari. Maswali mawili matatu, halafu uende."

Aliingia. Jama alivuta mlango kutoka nje, ulimi wa raba ukakwaruza sakafu. Syombua aliketi juu ya godoro la marehemu, miguu ameinyoosha, kama mama aliyechoka kupalilia. Sanduku la mbao lilikuwa pale pale ukutani, kifuniko kimefungwa, gunia lililolowa limetandazwa juu yake.

Macho ya Daktari yalikwenda kwenye gunia. "Hiyo ni nini?"

"Barafu yako. Wale wa kiwanda wameleta nyingine ya safari. Nikaogopa watoto wataichezea, nikaiingiza ndani."

"Hiyo hukaa varandani."

"Siku zote?"

"Siku zote. Ni kanuni ya kazi."

"Basi leo nimekosea. Tutaitoa baadaye. Nieleze pole pole, ulipofika alfajiri ile, mlango ulikuwaje?"

"Umefungwa. Inspekta, tungeongea nje. Humu hakuna hewa."

"Jana uliongea humu humu muda mrefu, tena jiko likiwepo. Leo jiko halina moto. Unaogopa nini?"

Daktari alijibu, lakini hakumtazama. Alikuwa akitazama sakafu, kati ya sanduku na viatu vyake. Syombua aliuliza jambo lingine, kisha lingine, kwa sauti ya kusinzia, akiuliza majina ya watu na kuyasahau, akirudi nyuma kama anayefumua mkeka. Jasho lilianza kuchuruzika nyuma ya masikio ya Daktari. Alivuta kigoda, akapanda juu yake.

"Mbona unapanda?"

"Nakagua chupa za juu."

"Juu hakuna chupa."

Alipanda meza. Alisimama huku kichwa kikigusa dari, kidevu amekiinua, anavuta pumzi fupi fupi kama kuku aliyeshikwa na kiu. Suti ilikuwa imekusanya utando wa buibui begani.

"Fungua mlango," alisema.

"Jama ameenda kununua maziwa. Ulisema mama yule alimletea mumewe jiko saa ngapi?"

"Fungua mlango! Inuka hapo chini, mwanamke, utakufa! Inatambaa chini!"

Hakuwa anamwonea huruma. Alitaka mlango ufunguliwe. Syombua aliinuka polepole, akajipangusa sketi.

"Nini kinatambaa chini, Daktari?"

Nje, mwuza mitumba alikuwa akiita wateja.

"Mtu anayeamini kwamba Bedan aliuawa na jiko," alisema Syombua, "haogopi sanduku. Wala hapandi meza."

Aliliondoa gunia, akafunua kifuniko. Ndani kulikuwa na koti la mvua la Jama, basi. Daktari Mbuthia alilitazama koti lile, akiwa bado amesimama juu ya meza, kisha akaketi pale pale juu, miguu ikining'inia.

"Meli ya kuchotea maji ya bahari iliondoka bila sisi," alisema hatimaye. "Kibali kilichelewa. Unajua mwaka mzima wa utafiti ni nini? Ningewaambia nini? Maji ni maji. Tulijua hesabu zinapaswa kuwa wapi, tukazikaribia. Bedan hakuelewa. Alikuwa fundi tu."

"Alielewa."

"Na hayo mengine..." Alijifuta uso kwa kile kitambaa cha marashi. "Nilidhani hakuna atakayeshuku. Watu hufa kwa majiko kila Julai huku. Nani angeuliza?"

Syombua aliisikia ile "huku" ikipita sikioni na kushuka mpaka tumboni. Alimfunga pingu mikono yote miwili. Mikono ilikuwa laini, yenye jasho, na baridi kama tumbo la mjusi.

"Jama! Fungua. Chukua chupa yenye mtoto wa chura, sanduku, na jiko, ulibebe wima majivu yasimwagike. Mchukue na Kisilu na mkono wake. Halafu piga simu, mwambie Daktari Qamar nimepata kitu cha kusimama nacho."

Gari la kupeleka mahabusu Makadara lilikuwa limeshawasha injini walipofika kituoni. Mkuu wa kituo alimsikiliza Syombua akiwa amesimama, akalitazama jiko juu ya kaunta yake, akaingiza kidole kwenye majivu kama mtu asiyeamini. Alitazama suti ya Daktari yenye utando wa buibui. Kisha akaagiza injini izimwe, na Jecinta aletwe.

Warigia alikuwa amekwishafika na mtoto. Wangeci alilia kwa sauti iliyokauka, ngumi zimekunjwa. Uji wa chupa alikuwa ameukataa tangu jana. Jecinta alitokea koridoni bila viatu, mkono mmoja umeshika gauni kifuani. Mlango wa seli ya wanaume ulikuwa wazi, na Daktari Mbuthia alikuwa akiondolewa tai na mkanda.

"Ni yeye?" aliuliza Jecinta.

"Ni yeye," alisema Syombua.

"Kwa sababu ya nini?"

Syombua alitafuta neno safi, hakulipata. "Kwa sababu ya maji ya mtaro, mama. Walitia chumvi wakayaita bahari. Bedan alikataa."

Jecinta hakupiga kelele. Alisimama akiangalia mlango ule mpaka ukafungwa. Midomo yake ilisogea kama anayetaka kutema, akakumbuka yuko mbele ya serikali, akameza.

"Nilimwambia atakufa nazo," alisema. "Ndilo neno la mwisho alilosikia kwangu."

Warigia alikuwa akitafuta mahali pa kuweka kikapu. Mtoto alikuwa akimtoka mikononi kwa kujirusha. Syombua alinyoosha mikono ampokee, amkabidhi mama yake.

"Ngoja," alisema Jecinta. "Wewe ndiye umemshika yule mtu?"

"Nimemfunga pingu mimi mwenyewe."

"Basi usimguse mtoto wangu. Nenda unawe kwanza."

Syombua alishusha mikono. Alitoka nje mpaka kwenye bomba la uani, akaomba kipande cha sabuni ya kufulia, akakunja mikono ya blauzi, akanawa mpaka kwenye viwiko. Akajisuuza, akanawa tena.